Tumbo Halingoji Amri ya Kichwa

Aliyewahi kuosha matumbo ya mbuzi aliyechinjwa dakika chache zilizopita anajua jambo ambalo vitabu vya shule hulipita mbio. Mnyama amekata roho, kichwa kiko kando, ngozi inatandazwa juani, lakini matumbo yaliyo ndani ya karai bado yanajinyonga. Yanakaza hapa, yanalegea pale, na kilichomo ndani kinasogea. Akina mama wa Kakamega na Siaya wala hawashtuki. Wanaendelea kumimina maji. Mtaalamu wa mwili angewaambia kwamba wanachokitazama ni misuli na seli za neva zinazoendelea na shughuli yake, bila ubongo wowote, mpaka oksijeni iliyobaki iishe.

Siku hizi habari za neva za tumbo hazitufikii kupitia karai. Zinatufikia kupitia simu. Tangazo linasema tumbo lako ni ubongo wa pili, kwamba asilimia 90 ya homoni ya furaha hutengenezwa humo, kisha inafuata bei ya unga fulani wa kusafisha utumbo na nambari ya kulipia. Ndani ya maneno hayo mna ukweli, na ndiyo maana uongo wake unauzika. Mimi naona hivi: mawasiliano ya neva za utumbo yanatuhusu kwelikweli sisi wa Kisumu, Nakuru na magharibi, lakini si kwa sababu ya furaha. Yanatuhusu kwa sababu ya kuhara, kwa sababu ya dawa tunazonyunyizia mimea, na kwa sababu ya vidonge tunavyonunua bila kuuliza vinanyamazisha nini.

Ukuta wa utumbo umepangwa kwa matabaka. Kati ya matabaka mawili ya misuli, moja linalouzunguka mrija na jingine linalokwenda kwa urefu wake, umelala mtandao wa seli za neva ambao Mjerumani Leopold Auerbach aliueleza katika miaka ya 1860. Ndani zaidi, karibu na utando unaogusa chakula, upo mtandao wa pili ulioelezwa na Georg Meissner mwaka 1857. Ule wa Auerbach hushughulika zaidi na mwendo. Wa Meissner hushughulika na maji, ute na damu inayopita pale. Makadirio ya idadi ya seli hizo hutofautiana, kuanzia milioni 100 hadi milioni 600, kutoka kwenye umio hadi njia ya haja kubwa. Ni jeshi kubwa, linalokaribiana na lile la uti wa mgongo. Ila ubongo una takriban bilioni 86, kwa hiyo anayekwambia una ubongo wa pili tumboni mwombe akuonyeshe hesabu.

Kwamba jeshi hilo linajitegemea, tumelijua kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1899 William Bayliss na Ernest Starling, waliokuwa mashemeji (Bayliss alimwoa dada yake Starling), walifanya majaribio kwa mbwa jijini London. Walikata neva zilizouunganisha utumbo na ubongo na uti wa mgongo, kisha wakauchokoza utumbo kwa ndani. Juu ya mahali walipopachokoza, misuli ikakaza. Chini yake, ikalegea. Mwaka 1917 Paul Trendelenburg alichukua kipande cha utumbo wa simbilisi, akakitumbukiza kwenye maji ya chumvi yenye joto na oksijeni, akakijaza kwa ndani, na kipande hicho kisicho na mwili kikaanza kusukuma kama kawaida. Mwaka 1921 John Langley wa Cambridge akaupa mfumo huu nafasi yake kamili katika orodha ya mifumo ya neva za mwili zisizosubiri hiari yetu. Halafu, kwa miongo kadhaa, wengi wakausahau.

Tuchukue tonge la ugali na omena, limetafunwa, limepita tumboni, na sasa ni uji mzito ndani ya utumbo mdogo. Uji huo unausukuma ukuta. Kwenye utando wa ndani kuna seli maalumu zinazohisi msukumo na kemikali za chakula, na zikiguswa humwaga serotonini, kemikali ile ile ambayo tangazo huiita homoni ya furaha. Serotonini hiyo huamsha ncha za seli za neva za kuhisi zilizo jirani. Nyingine kati ya seli hizo huhisi mvutano wa ukuta zenyewe, bila kungoja kemikali. Kutoka hapo ujumbe hugawanyika pande mbili. Upande wa juu, kule chakula kilikotoka, hupita seli za kati mpaka kwenye seli zinazoamuru misuli, na kemikali kuu inayobeba ujumbe ni asetilikolini: kaza. Upande wa chini, kule chakula kinakokwenda, seli nyingine za mwisho humwaga oksidi ya nitriki na peptidi iitwayo VIP: legea. Mawasiliano mengine humalizika ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Mengine hukaa sekunde kadhaa, hata dakika, na kuibadilisha hali ya seli nzima ili iwe nyepesi zaidi kuitikia ujumbe unaofuata.

Hapo kwenye kulegea ndipo naomba msomaji atulie kidogo. Tumezoea kudhani kwamba msuli ukiachwa peke yake hulegea, na kwamba neva kazi yake ni kuukaza tu. Kwenye utumbo mambo si hivyo. Misuli ile ina tabia ya kukaza yenyewe. Kuna seli zilizopewa jina la Mhispania Santiago Ramón y Cajal ambazo hutoa mdundo wake, mara 3 hivi kwa dakika tumboni na mara 12 hivi mwanzoni mwa utumbo mdogo. Sehemu kubwa ya kazi ya neva, basi, ni kuzuia. Kulegeza ni amri inayotumwa, na asipokuwepo wa kuituma, sehemu hiyo hubaki imejifunga. Nitalirudia jambo hili nikifika kwa watoto wachanga.

Zaidi ya mpangilio huo wa juu na chini, seli hizi zinaweza kufanya kazi kwa pamoja kama kundi kubwa. Mwaka 2018 Nick Spencer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, walirekodi neva za utumbo mpana wa panya zikiwaka kwa pamoja, maelfu kwa maelfu, kwa mdundo wa karibu mara mbili kwa sekunde, na misuli ikifuata mdundo huo huo. Watafiti wa mambo haya bado wanabishana. Wapo waliouondoa utando wa ndani wa utumbo, pamoja na seli zake za serotonini, na mawimbi ya kusukuma yakaendelea. Maana yake serotonini huchochea na kurekebisha mwendo, lakini huenda si yenyewe inayouanzisha. Napenda ubishi wa namna hii. Muuza unga hana nafasi nao, kwa sababu yeye anahitaji kemikali moja yenye kazi moja.

Mkenya ana njia ya haraka ya kuelewa uhusiano wa utumbo na ubongo: ni ugatuzi. Kaunti ya Kisumu haiulizi Nairobi kila ndoo ya taka ikijaa Kibuye. Inaamua yenyewe, na inatuma taarifa. Neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo na kushuka hadi tumboni, ina nyuzi ambazo karibu asilimia 80 hupeleka habari juu, si amri chini. Ubongo husikia mengi kuliko unavyoamuru. Ila mfano huu una mahali unapovunjika: utumbo haujawahi kugoma kwa sababu mgao umechelewa.

Sasa ile asilimia 90. Ni kweli kwamba serotonini nyingi ya mwili, asilimia 90 au zaidi, iko kwenye njia ya chakula. Vittorio Erspamer, Mwitaliano, alianza kuichunguza huko huko tumboni katika miaka ya 1930, kabla ya mtu yeyote kuipata kwenye ubongo. Lakini serotonini ya utumbo haivuki kizuizi kinachotenganisha damu na ubongo. Ubongo hutengeneza yake, kwa kimeng'enya tofauti. Kwa hiyo ukinunua unga wa kuongeza serotonini ya tumbo ili uondoe huzuni, umelipia mzigo usiofika. Kitu ambacho serotonini ya tumbo hukifanya bila shaka ni kuharakisha mwendo, kumwaga maji na kuleta kichefuchefu. Mgonjwa wa saratani anayetapika baada ya kutundikiwa dawa za kemo hutapika kwa sehemu kubwa kwa sababu seli zile za utumbo zimemwaga serotonini kwa wingi na neva ya vagasi imepeleka habari juu. Ndiyo sababu hospitalini hupewa ondansetroni, ambayo huziba vipokezi vya serotonini, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe wake. Hiyo ndiyo sayansi ya tumbo na kichwa iliyokwisha kusaidia watu, na hakuna aliyeihitaji iitwe ubongo wa pili.

Twende kwenye kaunta ya duka la dawa, iwe Kondele, Mumias au Free Area kule Nakuru. Mama anaingia, anasema: "Daktari, nipe kitu cha kufunga kuhara." Aliye nyuma ya kaunta, ambaye mara nyingi si daktari lakini heshima hiyo tumempa, anauliza ni cha nani. Swali hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Dawa inayotolewa mara nyingi ni loperamidi, iliyotengenezwa Ubelgiji mwaka 1969. Ni ndugu wa mofini. Hufika kwenye ule mtandao wa Auerbach, hushika vipokezi vya aina ile ile vinavyoshikwa na mofini, na kuzifanya seli za neva zimwage asetilikolini kidogo. Bila ujumbe wa kutosha, misuli haisukumi. Kwa kipimo cha kawaida haiathiri kichwa, kwa sababu kuna protini kwenye mpaka wa ubongo inayoirudisha nje kila ikijaribu kuingia. Ni kazi nzuri ya kemia, na sina ugomvi nayo. Mtu mzima asiye na homa wala damu kwenye choo, mwenye tiketi ya basi la usiku la kwenda Nairobi, ana haki ya kidonge chake.

Mtoto ni habari nyingine. Shirika la Afya Duniani linapinga kuwapa watoto wadogo dawa za kuzuia kuhara, na sababu yake inaeleweka vizuri ukishajua neva zinafanya nini. Mwaka 1990 matone ya loperamidi ya watoto yaliondolewa sokoni baada ya watoto wachanga kufa nchini Pakistan; matumbo yao yalikuwa yameacha kusukuma kabisa. Hata pale ambapo mtoto hafi kwa dawa, kinachompata kinatudanganya. Maji yameshatoka kwenye damu na kuingia ndani ya utumbo. Dawa imezuia tu yasitoke nje. Mama anaona nepi kavu, anashukuru Mungu, na mtoto anazidi kukauka.

Kanda ya ziwa inalijua hili kwa machungu yake. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998, wagonjwa 14,275 wa kipindupindu walilazwa hospitalini katika mkoa wa Nyanza wa wakati huo, na 547 wakafa. Kunywa maji ya ziwa kulionekana kuwa miongoni mwa mambo yaliyohusiana na ugonjwa ule. Kipindupindu hufundishwa kama ugonjwa wa sumu moja: bakteria anatoa sumu, sumu inaingia kwenye seli za utando, seli zinamwaga chumvi, na maji yanaifuata, wakati mwingine hadi lita moja kwa saa. Hayo ni kweli, ila katika miaka ya 1980 watafiti wa Göteborg, Uswidi, akiwemo Ole Lundgren, walionyesha kwa wanyama wa maabara kwamba sehemu kubwa ya maji hayo hupitia kwenye neva. Sumu huzifanya seli za serotonini zimwage, seli za kuhisi huamka, ujumbe hupita kwenye mtandao, na seli za mwisho humwaga VIP kwenye utando wote wa jirani: toa maji. Ukiziba neva, maji hupungua. Mwaka 2000 kundi hilo hilo lilionyesha katika panya kwamba virusi vya rota navyo hutumia njia hiyo. Kenya iliingiza chanjo ya rota kwenye ratiba ya watoto mwezi Julai 2014, na mtoto aliyechanjwa ana hatari ndogo zaidi ya kufikishwa kwenye hali hiyo.

Kimelea hakihitaji basi kugusa kila seli ya utumbo. Kinaamsha sehemu chache, na neva zinasambaza habari. Pengine kwa asili hiyo ilikuwa kinga: pakiwa na kitu kibaya, suuza mrija wote. Bakteria wa kipindupindu ananufaika nayo, kwa kuwa anamwagwa mtoni na ziwani akatafute mwenyeji mwingine.

Msomaji makini atauliza: kama neva ndizo zinazomwaga maji, si tuzinyamazishe? Swali zuri, na watengeneza dawa wamelifukuzia kwa miaka mingi. Shida ni kwamba loperamidi hunyamazisha mwendo zaidi ya inavyozuia maji. Suluhisho lililookoa watoto wengi lilipita pembeni ya neva kabisa. Kwenye utando kuna protini inayoingiza sukari na chumvi kwa pamoja, na sumu ya kipindupindu haiigusi. Ukichanganya glukosi na chumvi kwa kipimo sahihi, maji yataingia kwa njia hiyo hata wakati utando unamwaga kwa njia nyingine. Ndiyo ORS. Pakiti zikikosekana nyumbani, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikipimwa kwa kijiko kilichosawazishwa. Pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14, kama Shirika la Afya Duniani na UNICEF walivyoagiza kwa pamoja mwaka 2004. Inaniudhi kwamba kwenye kaunta zetu ORS hutolewa kama nyongeza ya hiari huku kidonge cha kufunga kikipewa heshima ya dawa. Mteja hulipia kuona choo kimesimama. ORS haikisimamishi mara moja, kwa hiyo inaonekana haina nguvu.

Lipo kosa la upande wa pili, ambalo wakulima wa Subukia, Molo na Trans Nzoia wanaishi nalo karibu zaidi. Asetilikolini ikishapeleka ujumbe, sharti ifutwe, na kuna kimeng'enya kinachoifuta papo hapo. Viuadudu vya kundi la oganofosfati, pamoja na baadhi ya dawa za kupe, humwua mdudu kwa kukizuia kimeng'enya hicho. Mtu naye anacho. Aliyenyunyiza kabichi mchana kutwa bila glavu, pampu ikimvujia mgongoni, anaweza kufika nyumbani na tumbo linalokatakata, anatapika, anahara, mate na jasho vinamtoka. Utumbo wake unapokea amri ya kukaza ambayo haifutwi. Nyumbani watasema ni githeri ya jana. Ukimwangalia mboni za macho utazikuta zimekuwa nukta. Mtu huyo akipelekwa kununua kidonge cha kuhara amepotezewa muda, maana kinachoua katika sumu hii ni mapafu yanayojaa ute na misuli ya kupumua inayochoka. Hospitalini dawa ni atropini, inayoziba vipokezi vya asetilikolini, na hutolewa mpaka kifua kikauke. Mvue nguo, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, mpeleke, na ubebe chupa ya dawa aliyonyunyiza. Maafisa wa kilimo hutaja sumu hii kama jambo la ngozi na macho. Ningependa waitaje kama jambo la tumbo pia, maana tumbo ni miongoni mwa viungo vinavyolalamika mapema.

Yamebaki matumbo yasiyo na neva kabisa. Seli za neva za utumbo hazizaliwi utumboni. Mwanzoni mwa mimba hutoka eneo la nyuma ya shingo ya kiinitete, huingia kwenye mrija wa chakula upande wa juu, na kushuka huku zikiongezeka, mpaka kufikia wiki ya 7 hivi zimefika mwisho. Kwa takriban mtoto mmoja kati ya 5,000, hazifiki. Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Denmark, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1886, na huwapata wavulana zaidi ya wasichana. Kipande cha mwisho cha utumbo mpana kina misuli, kina damu, ila hakina wa kutuma amri ya kulegea. Kinabaki kimebana. Choo kinarundikana juu yake, tumbo linavimba na kung'aa, mtoto anatapika matapishi ya kijani.

Huku kwetu mtoto huyo hupewa kwanza maji ya kutuliza gesi, kisha mitishamba, na nyumba nyingine zitasema amepigwa jicho. Hapo wiki zinapita. Upasuaji upo: kipande kisicho na neva hukatwa na kile chenye neva huvutwa chini na kuunganishwa, njia iliyoelezwa na Orvar Swenson na mwenzake mwaka 1948 na kurahisishwa mara kadhaa tangu wakati huo. Anayefika mapema ana nafasi kubwa ya kukua vizuri. Anayechelewa huja na maambukizi ya utumbo ambayo yenyewe huua.

Mtoto mchanga mwenye afya, aliyezaliwa kwa miezi kamili, hutoa choo chake cha kwanza, kile cheusi cha kunata, kwa kawaida ndani ya saa 24, na akipita 48 lazima aangaliwe. Tangu Septemba 2023 serikali imekuwa na wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 wanaopita nyumba kwa nyumba wakiwa na simu na mikoba. Kwenye nyumba yenye mtoto wa siku tatu, kabla ya kuuliza ananyonya vipi, wamwulize mama mtoto alitoa choo cheusi siku gani. Akisema hajakiona, hiyo ni rufaa ya siku hiyo hiyo.